Jina la Arlette Kati ya Wazima

Kila mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeishika milima ya Likasi na haziachii, Bibiane alikaa nyuma ya meza yake katika kiwanda cha chokaa, akawauliza wanaume wazima maswali ambayo hata mama zao wasingethubutu kuwauliza. Una mke? Yuko wapi? Watoto ni wangapi, na wanakula kwako au kwa mtu mwingine? Yote hayo kwa ajili ya kodi ya mshahara. Anayelisha wengi hukatwa kidogo, anayejilisha peke yake hukatwa zaidi, kwa hiyo mwaka ukianza kila mfanyakazi alipaswa kutangaza upya hali ya nyumba yake, na Bibiane kuiandika.

Waliingia wakiwa weupe. Chokaa iliwakaa kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo, na mgeni angeapa kwamba ameona foleni ya watu waliofufuka wakiwa wamevaa mabuti. Bibiane alikuwa amezoea. Aliwajua kwa sauti.

"Andika bibi mbili, mamzelle," alisema Papa Willy, fundi wa tanuru. "Mukubwa na mudogo. Kodi ipunguke vizuri."

"Serikali inajua mumoja tu, Papa Willy. Ule mudogo utamulisha weye na Mungu yako."

"Basi uniandike célibataire, muntu bila bibi, tuangalie kama utanikubali!"

Foleni ikacheka mpaka chokaa ikapukutika sakafuni. Bibiane naye akacheka, akapiga muhuri, akaita mwingine.

Gracien Kalombo alikuwa wa mwisho. Kila mwaka alikuwa wa mwisho, na kila mwaka Bibiane alianza kumngojea tangu wa kwanza. Alikuwa fundi wa umeme, mtu mrefu, mpole, ambaye maneno yake yalitoka moja moja kama mtu anayechagua mayai. Siku umeme ulipokatika na ofisi ikajaa giza la mvua, ndiye aliyekuja na taa, akaishika juu ya meza yake mpaka akamaliza kuandika, na hakusema lolote ila "Pole na kazi." Bibiane alikuwa ameishi juu ya maneno hayo matatu kwa msimu mzima.

Lakini alikuwa na mke. Bibiane alijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliandika jina la mke huyo: Arlette Kalenga. Kila mwaka aliliandika kwa mwandiko safi kuliko mengine, kama adhabu. Na kila Jumapili, kanisani kwao Kikula, watu walipofumba macho na kupaza sauti, yeye alimwomba Mungu amwondolee moyoni mume wa mwanamke mwenzake.

"Hali ya ndoa?" aliuliza sasa, bila kuinua uso.

"Marié."

"Bibi ni yule yule?"

"Yule yule. Arlette."

Aliinua uso. Gracien alikuwa akimtazama, kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, macho yakateleza yakapita juu ya bega la Bibiane, yakatua mahali fulani nyuma yake ambapo palikuwa na ukuta tu.

"Mwaka huu wakubwa wameomba kitu kingine," alisema Bibiane. "Ulete kopi ya kadi yake ya kura. Ile mupya."

"Kadi mupya haina."

"Basi apite hapa yeye mwenyewe. Hata kesho asubui."

"Hawezi kuya."

"Iko mugonjwa?"

"Hapana."

"Amesafiri?"

Gracien alivua kofia yake ya kazi. Chini ya kofia nywele zilikuwa nyeusi tititi, na kwa mara ya kwanza Bibiane aliona alivyokuwa kijana.

"Bibi yangu iko mu udongo, mamzelle. Ku Mwadingusha, karibu na nyumba ya mama yake."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Bibiane alingoja aseme kwamba ni mzaha, ingawa hakuwahi kumsikia akifanya mzaha.

"Tangu lini?"

"Mbele weye uanze kazi hapa."

Kwa hiyo yule mwanamke ambaye Bibiane alimwogopa, akamwonea wivu na kutubu kwa ajili yake kila Jumapili, hakuwa hai hata siku moja tangu Bibiane alipolijua jina lake. Alihisi baridi ikipanda kutoka kwenye vidole vya mkono wa kulia, ule wa kuandikia.

"Juu ya nini ulinidanganya?"

"Sikukudanganya."

"Ulisema marié! Kila mwaka ulisimama hapo hapo ukasema marié!"

"Sijafunguliwa, mamzelle." Alisema polepole, kama mtu anayeeleza ugonjwa wake kwa daktari mgeni. "Kwetu, muntu akifiwa na bibi, anabakia bwana ya ule bibi mpaka ndugu zake bamufungue. Banakupaka bunga nyeupe mu kipaji, banakufunga ushanga nyeupe ku mukono, banakuambia: enda, mutoto yetu amekuachilia. Minye habakunifungua. Mama yake amekataa. Sasa niseme niko nini? Nikisema célibataire, ni bongo, si kweli. Nikisema veuf, mugane, ni bongo vilevile. Niko bwana ya Arlette."

"Kodi haiulizi ushanga, Papa Gracien! Kodi inauliza nani anakula ku nyumba yako. Ukitaja bibi, sheria inafikiri unamulisha."

"Namuwekea sahani," alisema Gracien.

Alisema hivyo kwa unyofu, kana kwamba jibu hilo lingemsaidia Bibiane kujaza nafasi kwenye fomu. Bibiane alifuta meza iliyokuwa safi. Alipozungumza tena, alitumia sauti yake ya kazi, kwa sababu ile nyingine isingefika mwisho wa sentensi.

"Sikia. Veuf si tusi. Ni hali, kama zile nyingine. Muntu anachagua ile iliyo kweli siku anayotangaza, si ile ya zamani, si ile anayotamani. Bibi amekufa, huna mutoto, mu nyumba hakuna mwingine unayemulisha. Uko mugane, peke yako. Ni vile tu."

"Vile tu," alirudia Gracien, kama mtu aliyeambiwa avuke mto Lufira kwa miguu.

"Jumatatu majina yanaenda Lubumbashi. Siwezi tena kumuandika. Zamani sikujua. Sasa najua."

"Naelewa."

"Huelewi!" Sauti ile nyingine ikamponyoka. "Unajua vile nilikuwa naomba Mungu anisamehe? Kila Jumapili! Juu ya nani? Juu yako weye!"

Alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, limesimama katikati ya ofisi.

"Nilijua," alisema Gracien.

"Ulijua?"

"Macho yako hayajui kunyamaza, Bibiane." Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Na minye pia, tangu ile siku ya taa, minye pia..." Macho yake yalikuwa yamekwenda tena nyuma ya bega la Bibiane.

"Unaangalia nani?" aliuliza Bibiane. Hakugeuka. Hakuthubutu.

"Hapana muntu."

"Basi Jumamosi tuende kwa ule mama. Tumuombe akufungue."

"Atakataa."

"Akatae mbele yangu."

*

Sephora, dada yake mkubwa, alikuwa akikata majani ya viazi jikoni Bibiane alipomweleza. Kisu kikasimama hewani.

"Muntu hajafunguliwa? Bibiane, una akili? Ukilala karibu na muntu ya vile, asubui mnaamka batatu."

"Yaya, sisi ni bantu ba Mungu. Hatuogopi vile vitu."

"Minye siogopi. Minye namuachia mwenyewe mali yake." Sephora alirudi kwenye majani, akikata kwa hasira. "Banaume bamejaa Likasi. Benye maduka, benye magari, hata ule mwimbaji wa kwaya mwenye meno mazuri. Weye umeona ule tu, bwana ya marehemu. Mama angekuwa hai angekupiga na mwiko."

"Mama angemuona, angemupenda."

"Mama angemuona, angemupa chakula, kisha angefunga mulango." Akatikisa kichwa, na sauti ikalainika. "Toa sahani, tule. Mapenzi haishibishi."

Bibiane alitoa sahani kabatini, akazipanga mezani. Walikuwa watatu nyumbani: yeye, Sephora na shemeji Évariste. Alipomaliza, Sephora alitazama meza kwa muda, kisha akamtazama yeye.

"Nani anakuya?" aliuliza Sephora.

Mezani palikuwa na sahani nne. Bibiane hakukumbuka kuitoa ya nne. Aliichukua, akairudisha kabatini, na wala hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo mpaka chakula kikaisha. Ila Sephora, kabla ya kula, aliomba sala ndefu kuliko kawaida.

*

Jumamosi waliondoka kwa pikipiki ya Gracien. Njia ilikuwa tope jekundu, na nguzo za umeme ziliongozana nao vilimani zikitoka huko huko walikokwenda. Bibiane alikaa nyuma. Kati ya mgongo wa Gracien na kifua chake palibaki nafasi, si kubwa, ya kumtosha mtu mwembamba. Gracien alikuwa amekaa mbele mno, karibu juu ya tangi, kama mtu aliyezoea kubeba wawili. Mara kadhaa pikipiki iliteleza na Bibiane akataka kumshika kiuno. Mikono yake ilifika katikati ya ile nafasi, ikarudi.

Walipofika Mwadingusha mvua ilikuwa imekatika, na sauti ya maporomoko ya maji ilijaa kila mahali, hata ndani ya ukimya. Nyumba ya Mama Mwadi, mama wa Arlette, ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na mbele yake samaki walikuwa wameanikwa juu ya vichanja. Mama Mwadi alikuwa amekaa kwenye kigoda kidogo, akipasua samaki kwa kisu kifupi. Gracien alisimama mbali, kama mkwe anavyopaswa, akachutama, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, macho yakiwa ardhini.

Mama Mwadi hakuinuka.

"Umekuya," alisema.

"Nimekuya, mama."

"Na huyu ni nani?"

"Ni mamzelle ya ku kazi."

Bibiane alipiga goti kwenye udongo ulioloa. Njiani kote alikuwa amejitayarisha kukutana na mwanamke mkali, mwenye uchungu, na maneno yake yote yalikuwa ya kumlainisha mtu wa namna hiyo.

"Mama, minye niko Bibiane. Nakuomba kwa heshima, hata kama sina haki ya kuomba. Najua mulipoteza mutoto. Lakini huyu papa amengojea. Tunaomba mumufungue."

Mama Mwadi alimtazama, kisha akamtazama Gracien. Kisu kikawekwa chini.

"Ruphin!" aliita. "Ruphin, kuya usikie! Banasema sisi njo tumemufunga!"

Kutoka nyuma ya nyumba alikuja kaka wa Arlette, mwanamume mnene, mikono imeloa, na sura yake ilimshtua Bibiane kwa kuwa alihisi anaijua, ingawa hakuwahi kuona picha ya Arlette.

"Bukwe," Ruphin alimwita shemeji yake, na sauti yake haikuwa ya hasira bali ya kuchoka. "Mara ngapi nilikuya Likasi kukuita? Bunga tulisaga. Ushanga mama alinunua yeye mwenyewe. Nilifika ku kwako ku Panda, ukanipa chai, ukasema wiki inayokuya. Nikarudia. Ukasema kazi ni mingi. Nikarudia tena, ukajificha nyuma ya mulango! Nilisimama inje, nakusikia unapumua!"

Bibiane aligeuka. Gracien alikuwa bado amechutama, viganja vimebanana.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Uliniambia mama amekataa."

"Ikiwa mama njo amekataa, minye nangojea tu." Hakuinua macho. "Ikiwa ni minye..."

Bibiane alihisi hasira, na chini ya hasira kitu kibaya zaidi: aliona kwamba katika shindano hili, ambalo alikuwa amejiambia kuwa ni kati yake na desturi za watu, mpinzani wake alikuwa ni Gracien mwenyewe, na kwamba alikuwa akipigana upande wa Arlette.

Mama Mwadi alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Sikia, mutoto. Nitakuambia kitu, na kama ninyi ba maombi munasema ni shetani, museme. Arlette anakuyaka huku. Anasimama pale, ku mulango ya jiko. Ananiambia: mama, juu ya nini bado bananihesabu? Kila mwaka mvua ikikuya, muntu anaita jina yangu kati ya bazima. Naamuka. Natembea mpaka Likasi, nafika nimechoka, nakuta sahani yangu ya bukari imewekwa, chakula imekuwa baridi. Siwezi kula. Siwezi kurudi kulala. Mama, nani anaita jina yangu?" Aliutazama mlango wa jiko. "Minye namujibu sijui. Kweli sijui. Nani anaita jina ya mutoto yangu kila mwaka?"

Maji yalikuwa yakianguka huko mbali bila kupumzika. Bibiane aliiona tena meza ya nyumbani na sahani nne.

"Ni minye, mama," alisema.

"Weye?"

"Minye njo naulizaka. Minye njo naandikaka." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Juu ya kodi. Banasema bibi, naandika bibi. Sikujua."

Mama Mwadi alimtazama kwa muda mrefu sana, na Bibiane akakubali kutazamwa. Mwishowe mama mzee aliinuka, magoti yakilia, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe.

"Najua hukujua," alisema. "Lakini weye njo ulimuita, weye njo utamuachilia. Muulize tena. Vile munaulizaka kule ku bureau, vile vile. Hapa, mbele yangu."

"Mama, hapa?"

"Hapa. Na yeye ajibu kweli."

Bibiane alikaa chini, uso kwa uso na Gracien, tope kati yao. Hakuwa na kalamu wala meza. Alijisikia uchi.

"Jina?"

"Bibiane, usi..."

"Jina?"

"Gracien Kalombo."

"Kazi?"

"Fundi wa umeme."

"Hali ya ndoa?"

Gracien alifungua mdomo. Mshipa wa shingo ulimsimama, na jasho likajitokeza kwenye kipaji ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Bibiane aliona, wazi kama mchana, kile alichokuwa akimwomba. Alikuwa akimwomba amuue mke wake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama aliyemzaa. Na angeweza kuacha. Angeweza kusema basi, turudi, nitaandika kama zamani. Na kila mwezi wa kwanza angempata mtu huyu mpole mwishoni mwa foleni, na kila Jumapili angetubu, wangezeeka hivyo, wao watatu.

"Papa Gracien," alisema. "Hali ya ndoa?"

"Ma..." alisema Gracien. "Nilifika bamemaliza kufunika. Mvua ilivunja daraja, nilitembea kwa miguu, nilifika bamemaliza. Balinionyesha udongo tu. Udongo! Alitoka nyumbani anacheka, alisema nitakuletea samaki. Sasa muntu atasemaje? Nani alimuona? Labda haikuwa yeye. Labda..."

"Minye nilimuosha," alisema Mama Mwadi.

Viganja vya Gracien vikaachana.

"Minye nilimuosha na mikono hii. Homa ilikuwa imemukausha, alikuwa mwepesi kama mutoto. Ku goti alikuwa na ile kovu, ile aliungua na mafuta ya mandazi. Nilimuvalisha kitenge ya bluu, ile ulimununulia weye. Nilimufunga kichwa vizuri, alipenda kufunga vizuri. Aliniambia mbele ya kuenda: mama, Gracien akifika, umuambie asikasirike, samaki sikupata." Sauti ya mama mzee ilipasuka hapo, akaiokota, akaendelea. "Miaka yote hii minye nangojea uniulize. Nangojea nikuambie neno yako. Na weye unajificha nyuma ya mulango."

Ndipo Gracien alipofanya kitu ambacho mkwe hafanyi. Aliinua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni. Walitazamana, watu wawili waliompenda mtu mmoja, na hakuna aliyewakemea.

"Veuf," alisema. Lilikuwa neno la ofisini, likaanguka na kulala pale kama jiwe. Akalitafuta lingine. "Arlette amekufa," alisema. "Mama, Arlette amekufa!"

Sauti iliyomtoka baada ya hapo Bibiane hakuwahi kuisikia kwa mwanamume. Ruphin alikuwa tayari amemkumbatia, wote wawili wameanguka ubavu kwenye tope kama watoto wanaopigana. Mama Mwadi alichovya kidole kwenye unga, akaupaka mstari mweupe kwenye kipaji cha mkwe wake, akamfunga ushanga mkononi, akisema maneno kwa kilugha chake, taratibu, kama anayemlaza mtu. Kisha akaweka mikono kichwani, akapiga kilio chenyewe, kile kirefu, kinachosikika mpaka mtaa wa tatu.

Watu wakaanza kuja. Walikuja wanawake wakijifunga vitenge mbio mbio, walikuja wanaume na nyavu mabegani.

"Nani amekufa?"

"Arlette," alijibu Ruphin kutoka chini.

"Arlette? Si alikufa kitambo?"

"Bwana yake amepata habari leo."

Na hakuna aliyecheka. Wanawake walitazamana, kisha mmoja akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza kulia. Na wa pili, na wa tatu, mpaka uani pakawa na kilio kamili, kana kwamba mwili ungali ndani ya nyumba.

Bibiane alisimama kando. Alikuwa amekuja kumchukua mwanamume, na sasa alikuwa kwenye msiba. Alikuwa ameiona safari ya kurudi mara nyingi kichwani mwake: mikono yake kiunoni mwa Gracien, ile nafasi imekwisha. Badala yake Gracien alikuwa amekaa chini kati ya wanaume, uso umevimba, akiwaeleza jinsi Arlette alivyokuwa akiimba akifua. Na wanaume walikuwa wakiitikia, ndiyo, ndiyo, vile vile. Alikuwa akisema "alikuwa". Bibiane alilisikia neno hilo kila lilipopita.

Mama Mwadi alikuja kusimama karibu naye.

"Hatarudi nawe leo," alisema, kwa sauti ya chini, iliyochoka. "Atalia leo, atalia kesho. Kuna mwenye gari anaenda Likasi mbele ya jua kushuka, atakubeba. Jumatatu yako ya kazi uiandike vile amesema. Ya kwako na yeye, siijui. Sikukuahidi kitu."

"Najua, mama."

"Anaweza akalia mpaka asikukumbuke."

"Najua."

Gracien aliinua kichwa wakati huo, akautafuta uso wake katikati ya watu. Hakutabasamu. Alimtazama yeye, yeye mwenyewe, kwa macho mekundu yasiyoteleza popote, kisha mtu akamgusa bega na akageuka kumjibu.

Bibiane alivua viatu. Alifungua kitenge alichojitanda kwa ajili ya baridi ya njiani, akajifunga kiunoni kwa nguvu, akaelekea jikoni. Mlangoni alisita kidogo, pale pale alipoambiwa kwamba mtu husimama. Hakuona mtu. Alisema moyoni, nisamehe, nipite, na akapita.

Ndani palikuwa na moshi na wanawake. Sufuria kubwa ilikuwa imeshachemka, na bibi kizee mmoja alikuwa akimimina unga, akihangaika na mwiko uliomzidi nguvu. Alimtazama mgeni kutoka kichwani hadi miguuni.

"Weye ni nani ya marehemu?" aliuliza.

Bibiane, aliyezoea kumwambia kila mtu yeye ni nani kwa nani, alitafuta hali yake, hakuiona.

"Nimekuya kupika," alisema.

Bibi kizee alifikiri kidogo, akasogea, akampa mwiko.

"Basi songa na nguvu," alisema. "Bantu beko bengi."